Mkate wa Pili wa Eliya

Somo la wiki: 1 Wafalme 19:1–8



Kuna nyota ukingoni mwa galaksi yetu, ng'ambo ya kitovu chake, inayoitwa Beagle Point. Nyota hiyo hamtaikuta katika vitabu vya elimu ya anga, wala jina lake. Lilitolewa na wachezaji wa Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, ukatoka Desemba 2014. Ndani ya mchezo huo galaksi nzima imejengwa kwa ukubwa wake halisi, nyota zipatazo bilioni 400, na wachezaji wa dunia nzima husafiri humo kupitia intaneti. Kutoka kwenye Jua letu hadi Beagle Point ni miaka ya nuru 65,000 na ushei. Chombo chenye uwezo wa kuruka miaka ya nuru 50 kwa mara moja kitaruka mara 1,300 kabla ya kufika, na kurudi ni vivyo hivyo.

Mtauliza mchungaji amejulia wapi mambo haya. Vijana wa kwaya wanajua. Wazee wa baraza, naomba hilo tulizungumze siku nyingine. Leo tunamsoma Eliya, na watu wanaosafiri mbali katika mchezo huu wanaielewa hali ya Eliya chini ya ule mti wa mretemu kuliko wahubiri wengi niliowasikia.

Kumbukeni alikotoka. Sura ya 18 nzima ni ushindi. Manabii 450 wa Baali wamepiga kelele tangu asubuhi, hakuna aliyewajibu. Eliya ameomba mara moja, moto umeshuka. Kisha mvua ikaja baada ya ukame wa miaka. Kisha, jambo ambalo husomwa haraka haraka, Eliya akakimbia kwa miguu mbele ya gari la mfalme Ahabu, kutoka Karmeli mpaka Yezreeli, na mkono wa Bwana ulikuwa juu yake. Sura ya 19 inaanza na ujumbe mmoja kutoka kwa mwanamke mmoja, Yezebeli, na yule yule aliyewakabili watu 450 anakimbia kuokoa roho yake. Anafika Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kuomba afe.

Mahubiri mengi hapa humgombeza. Imani imemwishia, husemwa, amemwangalia Yezebeli badala ya kumwangalia Mungu. Mimi siungi mkono usomaji huo, na sababu yangu ni nyepesi: malaika hakumgombeza. Malaika alipika.

Sasa niwaeleze jambo moja la wasafiri wale. Kwenye galaksi ya mchezo, kama ilivyo angani kweli, ziko nyota za nyutroni: masalio ya nyota kubwa zilizolipuka, ndogo sana, nzito sana, zinazozunguka kwa kasi. Kwenye mchezo hutoa mikondo miwili mirefu inayong'aa, mmoja huku na mwingine kule. Rubani akipitisha chombo chake kwenye ncha ya mkondo huo, kinayumbishwa vibaya, king'ora kinalia, lakini injini ya kurukia inajazwa nguvu kupita kiasi, na mruko unaofuata unafika mara nne ya kawaida. Miaka ya nuru 50 inakuwa 200. Wenye haraka hupanga njia nzima kwa nyota hizo, moja hadi nyingine, na kufika kitovu cha galaksi, kilicho karibu miaka ya nuru 26,000 kutoka nyumbani, kabla wenzao hawajamaliza robo ya safari.

Hakuna udanganyifu hapo. Nguvu ni ya kweli, na mchezo wenyewe umeiweka. Ila kila ukiipokea, injini inalika kidogo. Kidogo sana, hata hutaona kwa macho: asilimia moja hivi, halafu nyingine. Mgeni anaruka jioni nzima akifurahia mwendo. Kisha inafika mahali anaamuru chombo kiruke, nacho hakiruki. Injini imegoma, na fundi wa karibu yuko umbali wa maelfu ya miaka ya nuru.

Karmeli ilimfanyia Eliya hivyo. Mkono wa Bwana ulikuwa juu yake kweli kweli, na zile mbio za kufika Yezreeli hazikuwa za kibinadamu. Lakini miguu iliyokimbia ilikuwa yake, na mapafu yalikuwa yake. Mungu akikupa nguvu ya kuvuka siku moja kubwa, haina maana kwamba siku ile haikukulia kitu. Katika huduma hii nimeona kwamba watu hawaanguki siku ya msiba. Siku ya msiba mama anasimama wima, anapokea wageni, anajua sufuria ya nani iko wapi na nani hajala. Anaanguka baadaye, wageni wakishaondoka na maturubai yakishashushwa, pengine kwa jambo dogo tu, bili ya maji au neno la shemeji. Sisi tuliomwona siku ya mazishi tunashangaa: alikuwa na nguvu sana yule! Ndiyo, alikuwa nazo.

Wazoefu wa safari ndefu wamelijibu tatizo la injini kwa namna ambayo imenifikirisha tangu niijue. Chombo cha masafa hubeba kifaa cha ukarabati ambacho hurekebisha vifaa vingine humo ndani wakati wa safari. Injini ikilika, unaizima kwa muda, kifaa kinaifanyia kazi, unaiwasha, unaendelea. Lakini kifaa hicho chenyewe nacho huharibika, na hakiwezi kujirekebisha. Kwa hiyo mzoefu hufunga viwili. Cha kwanza kikiharibika, cha pili kinakirekebisha. Cha pili kikiharibika, zamu inageuka. Mgeni anapoangalia orodha ya vifaa vya mzoefu huuliza kwa nini amebeba vitu viwili vya aina moja. Ni swali la mtu ambaye bado hajaenda mbali.

Turudi kwenye somo, mstari wa tatu. Eliya alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake hapo. Maandiko hayasemi kwa nini. Pengine alimhurumia, hakutaka kijana afe pamoja naye. Pengine aliona haya, maana mtu aliyezoea kuonekana shujaa hapendi kuonekana akilia. Sababu yoyote iwayo, aliingia jangwani peke yake, na baada ya siku moja tu akataka kufa. Angalieni pia anachosema baadaye kule mlimani Horebu: mara mbili anamwambia Mungu kwamba amebaki yeye peke yake. Na angalieni majibu ya Mungu. Anamwambia wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti, na anampa jina la Elisha mwana wa Shafati, mkulima mwenye jozi kumi na mbili za ng'ombe. Mungu hakubishana naye juu ya uchovu wake, ila upweke wake aliujibu kwa jina la mtu.

Wako kati yetu wanaowahudumia wengine, na mimi nikiwamo katika orodha hiyo, ambao tunarekebisha kila kitu chomboni isipokuwa sisi wenyewe. Wainjilisti, wauguzi, walimu, dada mkubwa aliyebaki nyumbani na wazazi. Sizungumzii kukosa imani. Kifaa kile hakina kasoro yoyote ya kiwandani. Kimeundwa hivyo, kinahitaji cha pili.

Na je, mafuta ya chombo yakiisha kabisa?

Hutokea kila siku. Mchezaji amepiga hesabu vibaya, amefika kwenye nyota ambayo haina mafuta ya kumpa, na tangi limekauka. Taa ndani ya chombo zinazimika moja moja. Vioo vinaanza kushika baridi. Hewa ya akiba inaanza kuhesabiwa kwenye skrini, dakika na sekunde, na kwa chombo chenye kifaa duni cha hewa hesabu hiyo inaanzia dakika 5 tu. Mtu akifia hapo anaamka kwenye kituo alichoondokea miezi iliyopita, na kila alichokigundua njiani kimepotea, kwa sababu ugunduzi hauhesabiki mpaka uufikishe kituoni.

Tangu 2015 lipo kundi la wachezaji wanaojiita Fuel Rats, yaani Panya wa Mafuta. Kazi yao ni moja: kumpelekea mafuta aliyekwama, popote alipo. Hawatozi chochote. Wana zamu, wana wapokea wito, wana taratibu zao kama kikosi cha zimamoto. Ukiwaita, swali lao la kwanza halihusu jina lako wala ujinga uliokufikisha hapo. Wanauliza kama unaiona hesabu ya hewa kwenye skrini. Ukisema ndiyo, wanakuamuru utoke mchezoni mara moja, urudi kwenye menyu, usubiri. Usijaribu kitu kingine. Usihesabu tena tangi. Usijaribu kusogea hata kidogo kuelekea nyota jirani. Ukiwa nje ya mchezo hewa yako haiishi. Wao watapanga vyombo, watavuka nyota kwa nyota, na watakuita urudi wakishafika karibu. Unarudi, unawasha kinara ili wakuone, na vidroni vidogo vinaanza kukujia vimebeba mafuta. Aliyekwama mbali sana anaweza kusubiri siku kadhaa. Wanakuja.

Ugumu, wanavyosimulia wao wenyewe, ni kumfanya mtu aache kuhangaika. Anapoambiwa atoke anaona ni kushindwa, anataka kujaribu jambo moja la mwisho, na lile jambo la mwisho ndilo linalommaliza. Wengine huchelewa kuita kwa sababu ya aibu. Wana uzoefu wa miaka, watasemaje kwamba wameishiwa mafuta kama mwanafunzi? Ajabu ni kwamba wazoefu hasa hawana aibu hiyo. Wengi wao waliingia katika kundi la kuokoa baada ya wao wenyewe kuokolewa.

Eliya alifanya jambo moja sahihi chini ya mretemu. Alisema kweli, kwamba imetosha, hawezi tena, kisha akalala. Hakujikaza. Hakusema ataamka kesho afunge siku saba zaidi. Malaika akamkuta amelala, akamgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Hakuulizwa swali hata moja. Lile swali gumu, kwamba unafanya nini hapa Eliya, Mungu analo, na atamuuliza, tena mara mbili. Lakini litaulizwa Horebu, baada ya chakula, baada ya usingizi, baada ya safari. Sisi mara nyingi tunaanza na swali. Tunamkuta mtu amelala chini ya mti wake, tunavuta kiti, tunamuuliza kwani ilikuwaje ukafika hapa, ulisali kweli? Mkate tumeusahau nyumbani.

Akala, akanywa, akalala tena. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote katika sura hii, kwa sababu malaika alirudi. Mtu ameshakula. Ameshakunywa. Angeweza kuachwa. Malaika akamgusa mara ya pili na kumwambia ale tena, kwa kuwa safari iliyo mbele yake inamzidi nguvu. Mkate wa kwanza ulilipa deni la Karmeli. Wa pili haukuhusu njaa aliyokuwa nayo. Ulihusu njia ambayo alikuwa bado hajaianza.

Hii ndiyo tabia inayomtambulisha msafiri mzoefu katika mchezo ule. Chombo cha masafa kina kifaa cha kuchotea mafuta kutoka kwenye nyota yenyewe. Kila baada ya mruko rubani anatokea mbele ya nyota, kubwa, imejaza kioo chote, na mzoefu ameshashusha mwendo hadi sifuri kabla hajatokea, ili asiingie motoni. Anageuza chombo ubavu, anaambaa ukingoni mwa nyota, anatazama vitu viwili: kipimo cha mafuta kinachopanda na kipimo cha joto kinachopanda nacho. Akisogea mno anaungua. Akikaa mbali mno hapati kitu. Anachota, anaondoka. Lakini si kila nyota ina cha kuchota. Zile za aina O, B, A, F, G, K na M zinatoa. Jua letu ni G. Vibete vya kahawia haviwezi kukupa hata tone, na kwenye ramani vinaonekana ni nyota kama nyota nyingine. Kuna maeneo vimejazana, mruko baada ya mruko.

Mgeni hupita nyota nzuri bila kusimama, kwa sababu tangi bado lina robo tatu. Bado nina miruko minne, anasema. Mzoefu anachota kila penye kuchotwa, hata kama tangi limepungua kidogo tu, kwa kuwa hajui nyota tatu zinazofuata zikoje. Hachoti kwa hofu. Ameshazoea tu, mkono unaenda wenyewe, dakika moja haijaisha ameshamaliza.

Sala ya asubuhi kwa wengi wetu iko katika kundi la vitu vinavyosubiri tangi likauke. Pia kulala. Pia kukaa mezani na mke wako bila simu. Tunasema bado tuna miruko minne, na pengine tunayo kweli. Nawaomba wiki hii, hasa ninyi ambao mambo yenu yanakwenda vizuri na hamwoni sababu ya kusimama, msimame. Mkate wa pili huliwa na mtu aliyeshiba.

Neno fupi juu ya zile siku 40 ambazo Eliya alitembea hadi Horebu. Kumbukumbu la Torati 1:2 inasema kutoka Horebu hadi Kadesh-barnea ni mwendo wa siku 11. Beer-sheba iko mbele kidogo tu ya hapo, kaskazini. Kwa hesabu yoyote Eliya alikwenda polepole. Wataalamu wataniambia 40 ni hesabu ya maana zaidi kuliko ya siku, na siwapingi. Lakini hata hivyo aliyeandika hakuona vibaya kutuambia kwamba nabii aliyekimbia kuliko farasi wa mfalme sasa anatembea kama mgonjwa anayejaribu miguu. Hata katika mchezo ule wako waliochagua kwenda polepole: mnamo Januari 2019 wachezaji zaidi ya 13,000 walijiandikisha kwa msafara mmoja wa kwenda Beagle Point, ulioitwa Distant Worlds 2. Mmoja mmoja wangeweza kufika haraka, na nyota za nyutroni walizijua. Msafara ule ulichukua miezi. Walipangiwa vituo vya kukutana njiani, na waliotangulia waliwasubiri waliochelewa. Karibu na kitovu cha galaksi wakasimama, wakachimba madini kwa pamoja, na kituo kikajengwa huko ili watakaokuja baadaye wapate pa kutia nanga. Mafundi walipita wakitengeneza vyombo vilivyopasuka. Watu waliokutana kwenye msafara ule wengine ni marafiki hadi leo, ingawa hawajawahi kupeana mkono.

Nimalizie na la nyumbani. Katika usharika wetu wako watu wasiopungua kumi wanaouguza mgonjwa wa muda mrefu, na baadhi yao hawajalala usiku mzima tangu Pasaka. Baraza la wazee limekubali tuanze zamu. Kuanzia Alhamisi, watu wawili wawili, wala si mmoja, watakwenda katika nyumba husika saa kumi na mbili jioni wakiwa na chakula kilichopikwa, na watabaki na mgonjwa hadi saa tatu usiku ili mwenye nyumba alale, aoge, au atoke tu akakae nje. Anayetaka kujiunga aandike jina kwa katibu wa jumuiya yake. Anayehitaji kufikiwa asione haya. Aandike naye, au amtume mtoto.

Waendao wasiulize maswali. Na wakishamaliza wiki ya kwanza, hata wakiambiwa hali imekuwa afadhali, warudi wiki ya pili.